Kupima Mionzi ya Gama Angani
Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Mwanga tuuonao kwa macho ni sehemu ndogo tu ya mionzi itokayo katika nyota. Iko mingine yenye nguvu kupita hata eksirei za hospitali, nayo huitwa mionzi ya gama. Lakini ukisimama ufukoni Bukoba na chombo cha kuipimia, hutaipata ile ya nyota. Chombo kitahesabu, naam, lakini kitahesabu zaidi mionzi ya mawe na udongo. Kwa nini?

Sababu ni hewa. Hewa iliyo juu ya Bukoba ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 9 hivi. Mwonzi wa gama ukiingia humo hugeuka chembe mbili, elektroni na pozitroni, nazo huzaa nyingine, mpaka nguvu yote imetawanyika. Hewa hiyo yatukinga sisi, ila yamfungia mtaalamu mlango.

Basi hapana budi kupanda. Mwaka 1912 Victor Hess wa Austria alipanda kwa puto zaidi ya mita 5,000, akaona mionzi yazidi kadiri apandavyo. Ndipo ikajulikana kuwa iko mionzi itokayo nje ya dunia. Siku hizi maputo ya heliamu, yasiyo na mtu, huchukua vyombo hadi kilomita 40. Ni pungufu ya safari ya Bukoba kwenda Muleba, lakini karibu hewa yote imebaki chini.

Hata hivyo, ile hewa kidogo iliyobaki hupigwa na chembe za angani, ikatoa mionzi ya gama yake yenyewe, na hesabu ikachanganyika. Kwa hiyo tarehe 15 Novemba 1972 setilaiti ya Marekani, SAS-2, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Njia ya juu ya ikweta ina chembe chache za kusumbua. Hadi Juni 1973 ilipokoma, ilikuwa imegundua mahali pang'aapo pasipojulikana, pakaitwa Geminga. Mwaka 1992 ndipo ilipothibitika kuwa ni masalio ya nyota iliyopasuka, yazungukayo mara 4 kwa sekunde.

Wenzangu, tuingiapo maabara tukumbuke jambo hili: kabla ya kuandika kipimo daftarini, tujiulize chombo kimehesabu nini hasa.