Nimonia ya watoto

Nimonia ya watoto (pia: homa ya mapafu) ni ambukizo la mapafu linalosababishwa hasa na bakteria au virusi. Mara nyingi huanza kama mafua, kwa kikohozi na homa, na hapo ndipo wazazi wengi hukosea.

Kinachoitofautisha ni upumuaji. Katika zahanati isiyo na eksirei, mhudumu huhesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia, kwa kuwa kilio chenyewe huongeza kasi. Pumzi ni za haraka zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Kazi hii haihitaji zaidi ya saa na kuinua nguo ya mtoto, lakini ni rahisi kurukwa foleni ikiwa ndefu. Dalili nzito zaidi ni kifua kubonyea upande wa chini mtoto anapovuta pumzi.

Kwa kawaida mtoto hupewa amoksilini ya kunywa nyumbani na kuangaliwa tena baada ya siku 3. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea hupelekwa hospitali mara moja, sawa na mchanga wa chini ya miezi 2. Dawa za kikohozi za dukani haziponyi nimonia.