Edward Coke na saa 48 za mkuu wa wilaya

Tarehe 22 Julai 1920 kila wakili wa Tanzania anaijua. Sura ya 358 ya sheria zetu inasema kwamba pale sheria za nchi zinapokuwa kimya, mahakama itumie kanuni zilizojengwa na majaji wa Uingereza, pamoja na sheria zao zilizokuwa zikitumika siku hiyo. Kichekesho ni kwamba siku hiyo Kigoma hapakuwa na utawala wa Mwingereza. Bandari, stesheni na Ujiji yote vilikuwa mikononi mwa Wabelgiji waliowatimua Wajerumani mwaka 1916, na hawakukabidhi mpaka 1921. Hata hivyo, mgogoro wa mkataba ukizuka leo Gungu, hapohapo Kigoma, tarehe ni ileile. Na ndani ya kanuni hizo zimejaa fikra za mzee aliyefariki mwaka 1634, Edward Coke, ambaye jina lake hutamkwa “Kuk”.

Coke alizaliwa 1552, akawa wakili, mbunge, Spika, kisha mwaka 1594 Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Katika cheo hicho hakuwa mtu wa kuigwa. Mwaka 1603 Sir Walter Raleigh alishtakiwa kwa uhaini, na ushahidi mkubwa ulikuwa maneno ya mtu mmoja, Lord Cobham, ambaye hakuletwa mahakamani. Raleigh aliomba aitwe, wakabiliane uso kwa uso. Akanyimwa, na Coke, aliyekuwa akiendesha mashtaka, akamporomoshea matusi mbele ya majaji.

Miaka mitatu baadaye mtu huyohuyo akapewa ujaji mkuu katika mojawapo ya mahakama kuu za London, na ulimi ukageuka. Mfalme James alipenda matamko: ni marufuku kujenga nyumba mpya London, ni marufuku kutengeneza wanga kwa ngano. Mwaka 1610 Coke na majaji wenzake walipoulizwa, walijibu kwamba jambo ambalo jana halikuwa kosa haliwezi kuwa kosa leo kwa tamko la mfalme tu. Mamlaka yake ni yale anayoruhusiwa na sheria.

Wapo wanaomfanya mtakatifu kwa jibu hilo. Mimi naona alikuwa akilinda kiti chake cha ujaji kwa ukali uleule aliomlindia mfalme zamani. Ila jibu lilikuwa sahihi, nalo lilimgharimu. Alifukuzwa ujaji 1616, akarudi bungeni, akafungwa katika Mnara wa London, akatoka na kuongoza uandishi wa Ombi la Haki la 1628, lililopinga watu kuwekwa ndani bila sababu kutajwa.

Hapo ndipo anapotuhusu. Mkuu wa wilaya akiamuru mtu awekwe ndani saa 48, wengi hudhani hiyo ni nguvu ya cheo. Hapana. Ni kifungu cha 15 cha Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, nacho kina masharti: liwepo kosa la jinai au hatari ya kweli ya kuvunjika kwa amani, sababu ziandikwe, na mtu afikishwe kwa hakimu kabla ya saa hizo kwisha, la sivyo aachiwe. Kwa hiyo ndugu wa aliyekamatwa, ukifika kituoni, kabla ya kuanza kubembeleza au kumpigia simu mnayefahamiana naye, uliza kosa ni lipi na sababu zimeandikwa wapi.