Mbwa Wako Ameanza Tena Kukojoa Ndani? Usimpige, Tafuta Sababu

Je, mbwa wako wa miezi minane ambaye alikwisha kujua kwenda haja nje ameanza tena kukojoa sebuleni? Kabla hujashika fimbo, soma kwanza.

Huenda ukajiuliza daktari wa watu anatafuta nini katika mambo ya mbwa. Jibu ni kwamba mkojo na kinyesi ndani ya nyumba ni jambo la afya ya jamaa nzima, hasa palipo na mtoto anayetambaa. Tena mbwa anayepigwa huwa mwoga, na mbwa mwoga huuma. Wenye mbwa wengine huchoka wakamtupa barabarani, naye akajiunga na mbwa wazururaji ambao hawana chanjo. Hivyo kosa la sakafuni laweza kuishia kwenye sindano za kichaa cha mbwa.

Hapa kisiwani Mombasa tatizo hili ni zito zaidi kwa anayeishi ghorofani, asiye na ua wa kumtolea mbwa. Mji wa Kale nao una vichochoro vyembamba, na baraza za mbele ya nyumba ndipo watu wanapoketi jioni. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mbwa kuwa najisi nzito. Kilichoguswa na mkojo au mate yake huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kwa hivyo mbwa wako akikojoa ngazini au kwenye baraza ya jirani, umempa jirani huyo kazi kubwa kabla ya kuswali. Ujirani mwema unadai tatizo litatuliwe mapema.

Kwa nini amerudia?

Mbwa wa kati ya miezi 6 na 18 hivi ni barobaro. Mwili umekua, lakini mazoea bado hayajakomaa. Mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi.

Kwanza, ugonjwa. Akikojoa kidogo kidogo mara nyingi, akijikaza, mkojo ukiwa na damu, au akinywa maji kupita kawaida yake, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Hakuna mafunzo yatakayoponya kibofu kilichoambukizwa.

Pili, kuweka alama. Dume huinua mguu na kumwaga matone ukutani au kwenye mguu wa kiti ili kuonyesha mipaka yake. Kuhasiwa mara nyingi hupunguza tabia hiyo. Jike anayetaka dume naye hukojoa mara kwa mara.

Tatu, furaha au woga. Huyu hukojoa mgeni anapoingia au anapokaripiwa. Hafanyi makusudi, na ukimgombeza utamzidishia. Msalimie kwa upole, bila kumwinamia.

Nne, uhuru uliozidi umri wake. Mlidhani amekwisha kujua, mkaacha kumtoa kwa wakati.

Tano, harufu. Palipobaki harufu ya mkojo, pua yake humwambia kuwa hapo ndipo msalani.

Anza upya

Kama si ugonjwa, mrudishe kwenye mafunzo kana kwamba ndiyo kwanza amefika nyumbani. Mtoe alfajiri, baada ya kula, baada ya kuamka usingizini, baada ya kucheza, na kabla ya kulala usiku. Mfunge kamba, mpeleke mahali pale pale kila siku, mbali na baraza na milango ya watu, kisha usimame kimya dakika 5 hadi 10. Akimaliza tu, msifu na umpe kipande kidogo cha chakula hapo hapo. Ukingoja mpaka mrudi ndani, atadhani anatuzwa kwa kurudi.

Beba chupa ya maji na gazeti kuukuu la kuokotea kinyesi, maana mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017.

Ndani ya nyumba, kwa wiki mbili asiachwe peke yake penye zulia. Awe mbele ya macho yako au katika sehemu ndogo aliyozoea kulala. Ukimwona ananusa na kuzunguka, mtoe upesi. Ukimkuta anakojoa, mwite kwa sauti ya kawaida mwende nje. Ukikuta dimbwi baadaye, futa tu. Kumsukumia pua kwenye mkojo humfundisha kukuogopa na kujificha nyuma ya kabati anapobanwa. Mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alionyesha mwaka 2009 kwamba ule uso wa mbwa tunaouita wa hatia hutokana na kukaripiwa. Hata mbwa ambaye hakukosa huutoa.

Usimnyime maji ili asikojoe. Kwa joto la Mombasa, utamletea maradhi makubwa kuliko usumbufu wa kupiga deki.

Usafi na usalama

Kausha mkojo kwa kitambaa, osha kwa maji na sabuni, kisha tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya, ambavyo husaga mabaki yanayoleta harufu. Usitumie amonia, kwani hunuka kama mkojo na humwita mbwa arudi pale pale. Wala usichanganye dawa ya madoa yenye klorini na siki au amonia. Hewa inayotoka huunguza mapafu, na mwenye pumu yaweza kumlaza hospitali.

Kinyesi kiondolewe siku hiyo hiyo. Mayai ya minyoo ya mbwa yakikaa udongoni wiki kadhaa huweza kumwambukiza mtoto anayetia mikono mchafu mdomoni. Viluwiluwi vya minyoo ya safura ya mbwa hupenya ngozi ya miguu mitupu na kuacha mchirizi unaowasha sana, hasa kwa wanaotembea peku mchangani. Mpe mbwa dawa ya minyoo kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza, na kila mtu anawe mikono kwa sabuni.

Hakikisha pia ana chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida huanza akiwa na miezi mitatu na kurudiwa. Mtu akiumwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Andika katika daftari saa anazokula, saa mnazomtoa na saa anazokosea. Baada ya wiki mbili utaona mpango: labda ni saa kumi jioni kila siku, wakati hakuna mtu nyumbani. Basi tafuta mtu wa kumtoa saa tisa na nusu. Ukifuata ratiba kikamilifu na bado hakuna nafuu, mrudishe kwa daktari wa mifugo akapimwe tena mkojo.