Kaunti na Jina Lake: Mfano wa Tana River

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafasiri ni hili: je, jina la "Tana River" litafsiriwe kuwa "Mto Tana", au liachwe lilivyo? Sisi wa Tanzania hatuna kaunti, lakini nyaraka za jirani zetu wa Kenya hutufikia, na swali hili si dogo kama linavyoonekana. Yafaa kwanza tueleze jinsi eneo lenyewe lilivyoanzishwa.

Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliigawa nchi hiyo katika kaunti 47, na majina yake yakaorodheshwa katika Jedwali la Kwanza. Tana River ni ya nne katika orodha hiyo. Kabla ya hapo ilikuwa wilaya katika Mkoa wa Pwani wa Kenya. Serikali ya kaunti ilianza kazi baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Machi 2013, na makao yake makuu yako Hola. Ni eneo la mashamba na malisho: Wapokomo hulima kandokando ya mto, na Waorma hufuga ng'ombe. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 315,943.

Wako wanaopenda kuiita kaunti "wilaya". Hatuafikiani nao. Wilaya ni tawi la serikali kuu na mkuu wake huteuliwa. Kaunti ina gavana na bunge lake, nao huchaguliwa na wananchi. Dhana mbili zikipewa neno moja, mwananchi hajui amwendee nani. Neno "gatuzi", lililotokana na kitenzi gatua, lina asili nzuri, bali laweza kumaanisha eneo lolote lililokabidhiwa madaraka. Neno "kaunti" limekwisha kuenea na halina utata.

Sasa tulitazame jina. Mto Tana huanzia kwenye miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita katika kaunti kadhaa, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mji wa Garissa uko ukingoni mwa mto huo, lakini haumo katika Kaunti ya Tana River. Madogo, ng'ambo ya daraja, imo. Mafuriko ya mwaka 2018 na ya mwaka 2024 yalizikumba pande zote mbili.

Tuseme basi tangazo limeandikwa: "Wakazi wa Mto Tana wahamie mahali pa juu." Mkazi wa Garissa atajiona anahusika, hata kama lililokusudiwa ni kaunti tu. Kinyume chake, onyo kwa wote wakaao kando ya mto likiandikwa "wakazi wa Tana River", yeye atadhani halimhusu, naye atabaki nyumbani maji yakija. Kosa hili la pili ndilo la hatari zaidi.

Baadhi ya walimu husema kwamba ni aibu kuacha neno la Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Twaielewa hoja yao. Lakini jina lililowekwa na Katiba hubadilishwa na wenye mamlaka hayo, mfasiri hanayo.

Kwa hiyo twapendekeza:

(a) Kwa eneo la utawala iandikwe "Kaunti ya Tana River", bila kuliacha neno "kaunti".

(b) Kwa mto wenyewe iandikwe "Mto Tana".

(c) Kanuni hiyo ifuatwe kwa Homa Bay na Trans Nzoia. Mwalimu aweza kuwaeleza wanafunzi kwamba jina hili la pili maana yake ni ng'ambo ya mto Nzoia. Lakini katika barua ya serikali jina libaki kama lilivyo katika Jedwali.