Je, Wajua? Watu Tele Mpakani, na Furaha Yao

Je, wajua kwamba Kaunti ya Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, na nchi ya Uholanzi zimejaa watu karibu sawasawa? Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 893,681 Busia, yaani watu 527 kwa kila kilomita mraba. Uholanzi nayo imepita 500. Sasa fungua Ripoti ya Furaha Duniani, inayotolewa tangu 2012: Uholanzi haijawahi kukosa kumi bora. Anayedai kwamba furaha huisha watu wakizidi, atueleze kwanza habari za Amsterdam.

Je, wajua kwamba furaha hiyo hupimwa kwa swali moja tu? Mtu huambiwa awaze ngazi yenye vidato kutoka 0 hadi 10, cha juu kabisa kikiwa maisha bora kuliko yote anayoweza kuyapata, kisha ataje yeye amesimama wapi. Hakuna anayemuuliza amecheka mara ngapi wiki hii. Finland imeongoza kila mwaka tangu 2018, na ni kweli kwamba Finland ina nafasi tele. Lakini Botswana ina nafasi zaidi, watu wanne hivi kwa kilomita mraba, ina almasi na haijawahi kuona vita vya wenyewe kwa wenyewe, na bado huwa karibu na mkia wa orodha hiyo. Nafasi pekee haielezi mengi.

Je, wajua kwamba Busia, pamoja na kulalamikiwa kote, si kitu mbele ya wengine? Ni kweli, wastani wa Kenya ni watu 82 tu kwa kilomita mraba. Lakini Kaunti ya Vihiga ni 1,047. Mathare, Nairobi, ni karibu 69,000. Mkazi wa Mathare akifika Burumba, mjini Busia, ataona amefika malishoni.

Je, wajua kwamba mpaka wenyewe ni wa juzi? Hadi 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulifika hadi Naivasha. Waingereza wakaukata na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Mstari ulipokuja kutulia mahali ulipo, Wateso walikuwa pande zote mbili, Wasamia vilevile. Ndiyo maana si kila anayesukumana pale getini ni mfanyabiashara. Wengine wanakwenda matanga kwa mjomba.

Je, wajua kwamba msongamano unaweza kupungua bila mtu hata mmoja kuondoka? Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia. Zamani lori lilisimama mara mbili, kwanza kutoka, pili kuingia, na kila mara foleni yake na mihuri yake. Siku hizi husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia, ambako maofisa wa nchi zote mbili huketi chini ya paa moja. Malaba, kituo kingine cha mpaka huo, ina mpango huohuo. Watu ni walewale na malori yamezidi. Kilichopungua ni madirisha.

Na je, wajua kinyume chake? Januari 2022, Uganda ilidai kila dereva apimwe korona kwa ada ya dola 30. Madereva wakagoma, na foleni ya Malaba ikarudi nyuma makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Mafuta yakaadimika Kampala, bei ikapaa, hadi Uganda ikaiondoa ada hiyo. Foleni kama ile ina maisha yake: dereva anaoga kwa maji ya jerikeni nyuma ya gurudumu, taniboi anapika ugali kwenye kivuli cha trela, mama wa chai anapita na chupa yake kutoka kichwa hadi kichwa, kila lori likisogea urefu wake mmoja na kuzima tena.  Walichokosa waliokwama pale ni habari: hakuna aliyeweza kuwaambia watavuka lini.

Je, wajua kwamba mwanasaikolojia Mmarekani Jonathan Freedman aliliandikia jambo hili la ubanano kitabu mwaka 1975? Wakati ule kila mtu alikuwa akinukuu majaribio ya John Calhoun, aliyewafungia panya mahali pamoja hadi walipojaa, wakaanza kuumana na kutelekeza watoto. Freedman alipowachunguza binadamu hakuona hayo. Alisema ubanano huongeza nguvu ya kile kilichokuwapo tayari: wenye raha huzidi raha, wenye hasira huzidi hasira. Na panya wa Calhoun, tukumbuke, hawakuwa na mlango wa kutokea.

Je, wajua kwamba kuna starehe ambayo bila umati haipo? Nenda Amagoro au kijiji chochote cha Wateso palipo na sherehe. Chungu cha ajono, pombe ya wimbi, huwekwa katikati, wazee hukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji ya moto huongezwa kadiri kinavyopungua. Kunywa peke yako ni aibu. Waumini watanisamehe, naeleza utaratibu wa kuketi, sisifu kileo.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi wafanyabiashara mashuhuri wa mpaka wa Busia walikuwa watu wenye ulemavu? Baiskeli zao zina magurudumu matatu, pedali huzungushwa kwa mikono mbele ya kifua, na nyuma pana sehemu ya kubeba magunia na katoni. Vijana husukuma, mwenye chombo huongoza na kupatana bei. Watu wa forodha waliwalegezea kamba, na wenye bidhaa wakajua hivyo, wakawapa mizigo. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika habari zao mwaka 2007. Hapo penye kusukumana, mtu ambaye kwingine angehesabiwa mzigo alipata kazi, akalipa karo, akaajiri wasukumaji. Hata hivyo riziki hiyo ilitegemea ushuru wa juu, na ushuru ukishuka faida huyeyuka.

Je, wajua kwamba Busia imemsaidia mtu kupata Tuzo ya Nobel? Michael Kremer, aliyewahi kufundisha sekondari magharibi mwa Kenya, alirudi na mwenzake Edward Miguel kuchunguza dawa za minyoo na kichocho katika shule 75 za msingi za Busia, kuanzia 1998. Watoto walikuwa zaidi ya 30,000. Utoro ulipungua kwa takriban robo katika shule zilizopewa dawa. Jambo lililowashangaza ni kwamba hata wasiomeza walifaidika, kwa sababu mwenzao aliyetibiwa hamwagi tena mayai ya minyoo kwenye udongo wanaouchezea wote. Mwaka 2015 wachambuzi wengine waligundua makosa ya hesabu, na faida kwa shule za mbali ikaonekana ndogo kuliko ilivyodaiwa. Lakini waliotibiwa mapema walipofuatiliwa miaka 20 baadaye, walikuwa wakipata kipato cha saa kikubwa kwa asilimia 13 kuliko wenzao. Kremer alituzwa 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Je, wajua kwamba Kremer huyohuyo, mwaka 1993, aliandika kwamba watu wengi ni heri? Hoja yake: kila kichwa kinaweza kuzua jambo, na jambo likishazuliwa halipungui kwa kutumiwa na wengi. Alitoa mfano wa Tasmania, kisiwa kilichokatwa na bahari barafu ya kale ilipoyeyuka: wakazi wachache, uvumbuzi mchache. Mimi namkubali nusu. Vichwa vingi ni mali, lakini shamba la ekari moja likigawiwa wana watano halikui kwa sababu wana hao wana akili.

Je, wajua Machakos? Miaka ya 1930 wakoloni waliandika kwamba udongo wake umekwisha. Kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, lakini matuta yalikuwa yamechimbwa milimani na mmomonyoko umepungua. Watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki walikichapisha kisa hicho 1994.

Je, wajua mchanganyiko wa watu wa Busia uliwahi kuumiza wapi? Katika michango ya shule. Miguel na Mary Kay Gugerty, katika utafiti uliochapishwa 2005, walikuta kwamba kabla ya elimu ya bure ya 2003, maeneo ya Busia na Teso yenye makabila mchanganyiko yalichangia shule kidogo. Sababu waliyoitaja ni rahisi: mzazi asiyetoa ni vigumu kumwaibisha ikiwa si wa kwenu. Miguel alipolinganisha Busia na Meatu, Tanzania, tofauti hiyo hakuikuta Meatu, na akaielekeza kwenye siasa ya kujenga taifa, Kiswahili kikiwamo. Wakenya tumeze hilo na maji.

Je, wajua kwamba pesa za jirani zinaweza kukupunguzia furaha? Huko Rarieda, katika kaunti jirani ya Siaya, kaya maskini zilipewa fedha taslimu bila masharti. Waliopewa walisema maisha yao yamekuwa mazuri. Wanakijiji waliokosa wakasema yao yamepungua uzuri, ingawa hawakunyang'anywa chochote. Huo ndio ushahidi mzito kuliko wote kwa wanaosema furaha ni ya kugawana. Lakini utafiti mkubwa zaidi, katika vijiji 653 vya Siaya, uliochapishwa 2022, uliona kila dola iliyotolewa ikizaa dola 2 na nusu hivi katika uchumi wa pale. Wasiopewa nao walipata, na safari hii hawakuripoti huzuni. Aliyepewa alinunua mabati. Fundi wa mabati alikuwa jirani.

Je, wajua kwamba dunia ilitangazwa kufikisha watu bilioni 8 tarehe 15 Novemba 2022? Na kwamba mwanamke wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 alizaa wastani wa watoto 8.1, ilhali utafiti wa 2022 unasema 3.4?

La mwisho ni la msomaji anayevuka wiki hii. Mkenya na Mganda huruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, na bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki za thamani isiyozidi dola 2,000 zina cheti chepesi cha uasili. Kiulizie cheti hicho dirishani kabla ya kumlipa yeyote anayejitolea kukusaidia getini, na njia za panya waachie panya.