Kuvua Besi kwa Kayaki Katika Ziwa Naivasha: Unachopaswa Kujua Msimu wa Baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, wakaazi wa Naivasha huamka kukiwa na ukungu na baridi kali. Usiku na alfajiri, joto la hewa huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za selsiasi. Hata hivyo, wapenzi wa uvuvi wa ndoano hawaachi kuingia ziwani. Baadhi yao hutumia kayaki, yaani mtumbwi mwepesi wa mtu mmoja au wawili unaoendeshwa kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Samaki wanayemtafuta zaidi ni besi.

Uvuvi huu hauhitaji mafuta ya injini wala vifaa vingi. Lakini anayeketi ndani ya kayaki yuko karibu sana na maji, hana kelele ya injini ya kuwaonya viboko, na akipinduka hulowa mara moja. Makala haya yanaeleza tabia za besi wakati wa baridi, saa zinazofaa kuingia ziwani, na hatua ambazo kila mkaazi anapaswa kuchukua ili arudi nyumbani salama.

Besi ni samaki gani?

Besi wa mdomo mpana, ambaye wavuvi wengi wa Naivasha humwita blaki besi, si mwenyeji wa ziwa hili. Asili yake ni Amerika Kaskazini. Aliletwa Naivasha mwaka wa 1929 ili watu wapate samaki wa kuvua kwa ndoano kama mchezo, na aliongezwa tena katika miaka iliyofuata. Uvuvi wa kibiashara ulipoanza ziwani mwaka wa 1959, besi na tilapia ndio waliokuwa tegemeo la wavuvi.

Ni rahisi kumtambua. Mgongo wake ni wa kijani kibichi kilichokolea, ubavuni ana mstari mweusi, na taya lake hufika nyuma ya jicho. Ni mwindaji wa kuvizia: hujificha kando ya mafunjo, miti iliyozama au magugu, kisha hurukia samaki mdogo, chura au mdudu anayepita. Katika Ziwa Naivasha, chakula chake kikubwa ni kamba mwekundu wa Louisiana, ambaye naye aliletwa kutoka nje mwaka wa 1970.

Dume la besi hufagia shimo kwenye maji ya kina kifupi, jike hutaga hapo, na dume hubaki likilinda mayai na vifaranga. Dume likivuliwa wakati huo, samaki wengine hula watoto wote kwa muda mfupi. Mvuvi anayemwona besi amesimama mahali pamoja kwenye maji maangavu karibu na ukingo, naye hataki kuondoka, anashauriwa kumwacha.

Baridi ya Marekani si baridi ya Naivasha

Wengi hujifunza uvuvi wa besi kwa kutazama video kutoka Marekani, ambako maji ya ziwa hukaribia kuganda wakati wa kipupwe. Huko, besi hushuka kwenye kina kirefu, hupunguza sana kula, na wavuvi humfuata hukohuko chini.

Mafunzo hayo hayafai kuchukuliwa yote jinsi yalivyo. Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, lakini pia liko karibu na ikweta. Hata mwezi wa Julai maji yake hubaki karibu na nyuzi 20. Besi hawalali wala hawahamii vilindini kwa miezi mingi. Kinachobadilika ni mwenendo wao wa siku.

Samaki hana joto lake la ndani kama binadamu. Joto la mwili wake hufuata joto la maji. Maji yakipoa, chakula husagika polepole tumboni, na samaki hana haraka ya kula tena wala nguvu ya kufukuza windo mbali. Baada ya usiku wa baridi, maji ya ukingoni yenye kina kifupi huwa yamepoa kuliko ya katikati. Jua likitoka na ukungu ukiondoka, maji hayo hayo ndiyo hupata joto upesi. Kamba na samaki wadogo huanza kutembea, na besi huwafuata.

Kwa hiyo, katika msimu wa baridi mvuvi hapotezi kitu kwa kutoingia ziwani alfajiri. Anayengoja jua lipande kidogo hukuta samaki wachangamfu zaidi.

Saa zinazofaa

Mambo matatu huamua saa ya kuingia na kutoka ziwani: samaki, viboko na upepo.

Viboko hutoka majini usiku kwenda kulisha nchi kavu, na hurudi karibu na mapambazuko. Mtu anayeburuta kayaki kuelekea majini gizani au kwenye ukungu anaweza kujikuta katikati ya njia ya kiboko anayerudi. Kiboko anayezuiwa kufika majini hushambulia. Tangu maji ya ziwa yalipopanda mwaka wa 2020 na kufunika sehemu za ukingo, watu na viboko wamekuwa wakibanana zaidi katika maeneo ya malisho na makaazi.

Upepo nao una ratiba yake. Asubuhi ziwa huwa shwari, lakini mchana upepo huanza, na alasiri huweza kuwa mkali. Sehemu kubwa ya Ziwa Naivasha ina kina cha mita chache tu, na kwenye maji ya namna hiyo mawimbi huinuka haraka, mafupi na yaliyosimama. Mawimbi ambayo boti ya abiria huyapita bila shida huweza kujaza kayaki maji au kuipindua.

Ukiyajumlisha hayo, muda unaofaa ni kuanzia saa mbili asubuhi, ukungu ukishaondoka, hadi kabla ya saa sita mchana. Mtu asisubiri mawimbi ndipo aanze safari ya kurudi. Maji yakianza kukunjamana na mafunjo kuinama upande mmoja, ni wakati wa kuelekea ufuoni. Anayeanza safari kwa kwenda upande upepo unakotoka atarudi ukimsukuma, badala ya kupambana nao akiwa amechoka.

Namna ya kuvua

Kwa kuwa samaki hana haraka, mvuvi naye asiwe na haraka. Chambo bandia kinachoburutwa polepole chini, chenye rangi nyekundu au ya kahawia kama kamba, hufanya kazi vizuri kuliko kile kinachopita mbio juu ya maji. Kiache kitue, kivute kidogo, kisha kiache tena. Chubwi iwe nyepesi, inayotosha tu kukifikisha chambo chini. Wakati wa baridi besi mara nyingi hagongi kwa kishindo. Mshipi huwa mzito ghafla, au husogea pembeni taratibu.

Mahali pazuri ni kando ya mafunjo yanayopigwa na jua la asubuhi, na kwenye migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini baada ya ziwa kupanda. Hata hivyo, hapo panahitaji uangalifu. Chini ya maji mna visiki, nguzo na nyaya za ua za mashamba yaliyofunikwa na maji, ambazo huweza kutoboa kayaki au kunasa mguu wa mtu aliyeanguka. Usifunge kayaki kwenye mti mkavu, kwani matawi yake huvunjika bila onyo.

Viwanja vya gugumaji vinavyosukumwa na upepo ni hatari nyingine. Huweza kuziba njia ya kurudi kwa muda mfupi, na kayaki ikizingirwa ni vigumu kuisukuma kwa kafi. Usiingie kwenye mkondo mwembamba kati ya gugumaji na ukingo.

Kuhusu viboko

Kiboko haonekani wakati wote. Huweza kukaa chini ya maji kwa dakika kadhaa na kuibuka mahali pengine. Mvuvi wa kayaki azingatie haya:

• Kaa mbali na kundi la viboko, angalau mita 100, na zaidi kama kuna ndama.
• Usipite kati ya kiboko na maji ya kina kirefu. Akiogopa, hukimbilia huko.
• Gonga ubavu wa kayaki kwa kafi kila baada ya muda, hasa ukikaribia mafunjo au kona. Kiboko anayekusikia mapema huinua kichwa, nawe ukamwona.
• Ukiona mapovu au maji yakivimba kuelekea kwako, usisimame kutazama wala kupiga picha. Ondoka mara moja.
• Uliza wavuvi wa ufuo unaoingilia ni wapi viboko wameshinda wiki hiyo. Wao huwaona kila siku.

Ukianguka majini

Maji ya nyuzi 20 hayaonekani kuwa baridi ukiyagusa kwa mkono, lakini mwili uliozama humo hupoteza joto mara 25 hivi kwa kasi kuliko ukiwa katika hewa ya kiwango hicho hicho. Kwanza pumzi hukatika na mtu huhema ovyo. Baadaye vidole hukosa nguvu ya kushika. Hata baada ya kutoka, nguo zilizolowa na upepo wa ziwani huendelea kunyonya joto. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka sana, huongea kwa shida na huanza kufanya maamuzi yasiyo na maana. Akiacha kutetemeka kabla ya kupata joto, hali yake imekuwa mbaya zaidi.

Ndiyo sababu jaketi la kuokoa maisha linapaswa kuvaliwa na kufungwa tangu ufuoni. Jaketi lililowekwa nyuma ya kiti halimsaidii mtu aliyekwisha anguka. Hata anayejua kuogelea hulihitaji, kwa kuwa baridi hudhoofisha mikono na miguu ya muogeleaji hodari pia.

Ukianguka, shikilia kayaki. Tuliza pumzi kwanza kwa dakika moja. Usijaribu kuogelea hadi ufuoni, kwani ufuo huonekana karibu kuliko ulivyo, na kayaki huonekana kwa urahisi na waokoaji kuliko kichwa cha mtu. Kwa kayaki ya kukalia juu, igeuze, piga miguu majini kama unaogelea, jivute ulale kifudifudi juu yake, kisha jigeuze ukae. Fanya zoezi hili siku ya jua, karibu na ufuo na ukiwa na mwenzako, kabla ya kulihitaji. Kayaki ya kuketi ndani ni ngumu zaidi kuirudia na haifai kwa asiyefunzwa.

Mwenzako akitolewa majini akitetemeka, mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mkaushe na umfunike blanketi pamoja na kichwa. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe chai tamu ya moto kiasi. Usimpe pombe, kwani huharakisha kupotea kwa joto la mwili, wala usimsugue mikono na miguu. Mfikishe katika kituo cha afya kilicho karibu.

Kabla ya kuingia ziwani

• Pata leseni ya uvuvi na uulize kama kuna kipindi cha kufungwa kwa uvuvi. Uvuvi husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka wa 2016, pamoja na vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU).
• Ingilia ufuo wa umma unaojulikana, kama vile Karagita, Kamere au Central, na umwambie mtu unakokwenda na saa ya kurudi.
• Nenda wawili au zaidi, kila mmoja na kayaki yake.
• Vaa sweta ya sufu au nguo za kukauka upesi badala ya pamba na jinzi. Beba nguo kavu kwenye mfuko usiopitisha maji.
• Funga simu ndani ya mfuko huo na ubebe filimbi kwenye jaketi. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Mlinde samaki, lilinde ziwa

Besi mdogo au usiyemhitaji mrudishe majini mapema. Lowesha mikono kabla ya kumshika, mshike kwa mikono miwili kama ni mkubwa, na usimlaze juu ya plastiki iliyokauka.

Ni muhimu pia kutomhamisha besi akiwa hai hadi kwenye bwawa, mto au lambo lingine bila idhini ya maafisa wa uvuvi. Naivasha yenyewe ni somo. Kamba mwekundu, gugumaji na samaki aina ya karp, aliyeonekana ziwani mwaka wa 2001, wote ni wageni waliobadilisha ziwa na kazi ya wavuvi wake. Besi ni mlaji mkubwa, na akiingia kwenye bwawa la mfugaji wa tilapia huweza kumaliza vifaranga. Vivyo hivyo, kabla ya kuibeba kayaki kwenda maji mengine, mwaga maji yaliyobaki ndani na uondoe kila kipande cha gugumaji.

Ziwa Naivasha ni eneo oevu lenye hadhi ya kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka wa 1995, na ni riziki ya maelfu ya familia. Wakaazi wenye maswali kuhusu leseni, vifaa vinavyoruhusiwa au hali ya ziwa wanahimizwa kufika katika ofisi ya uvuvi ya kaunti ndogo au kuzungumza na viongozi wa BMU katika ufuo ulio karibu nao kabla ya kuingia majini.