Injini Inapogonga

Mlio mgeni katika injini ya gari kuukuu huanzia kwenye mwanya. Kati ya krenki na beringi zake pana nafasi ya sehemu chache za mia za milimita, nyembamba kama unywele au zaidi, na oili ndiyo inayoijaza. Oili ikipungua, ikiwa nyepesi kupita kiasi, au mwanya wenyewe ukipanuka kwa kulika, chuma hukosa mto wake na kuanza kupiga chuma mwenzake. Ndivyo ilivyo pia kwa pistoni ndani ya silinda, kwa tapeti juu ya valvu na kwa cheni ya taimingi. Kusikiliza injini ni kutafuta mwanya uliopanuka.

Katika miji ya Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kazi hiyo haikomi. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika likiwa limepita miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Hata ndani ya vikomo hivyo, Probox inayobeba abiria kati ya miji hiyo miwili kupitia Alupe na Adungosi, na Fuso linaloshusha mahindi sokoni, hufika yakiwa na maisha mengine nyuma yake, kisha yakaanza maisha magumu zaidi. Malori ya masafa marefu nayo husubiri kuvuka, injini zikinguruma kwa saa nyingi huku gari likisogea urefu wake mmoja na kusimama. Januari 2022, enzi za vipimo vya UVIKO-19, foleni ya Malaba ilirefuka kwa makumi ya kilomita. Saa kama hizo hazionekani kwenye hesabu ya kilomita, ingawa krenki ilikuwa ikizunguka muda wote.

Kwa mafundi na madereva wa huko, injini iliyoharibika beringi za krenki au za konrodi "imenoki". Neno hilo ni sahihi na lina uzito wake, lakini limeanza kutumiwa kwa kila mlio, na hapo ndipo pesa za watu hupotea: injini hufunguliwa yote kwa kelele ambayo ingeisha kwa gasketi ya ekzosi au mkanda mpya. Dawa yake ni kufuata hatua kwa mpangilio, kuanzia zile zisizogharimu kitu.

Hatua ya kwanza haihitaji sikio. Gari husimamishwa mahali tambarare, injini ikazimwa kwa dakika kadhaa, kisha kijiti cha oili kikachomolewa, kikapanguswa na kurudishwa. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, huongezwa kwanza ndipo mlio usikilizwe upya, kwa kuwa tapeti na kikaza cha cheni vinavyotegemea shinikizo la oili hulia vikiikosa hata kama havijaharibika. Oili inayonuka petroli au dizeli imechujuka na haibebi tena uzito wa krenki. Chembe zinazometa kwenye kitambaa cheupe ni habari mbaya zaidi. Oili nzito kuliko inayostahili hutiliwa shaka pia, maana wapo wauzaji wanaoitumia kuficha kugonga mpaka gari lipate mteja.

Hatua ya pili ni kuwasha injini ikiwa baridi kabisa. Mnunuzi makini huweka kiganja juu ya injini kabla ya ufunguo kuzungushwa. Akikuta joto, ajue kuna aliyemtangulia kuiwasha, na sehemu nzuri ya ushahidi imeshapotea. Pistoni ya alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya silinda ya chuma cha kalibu. Iliyolegea hupiga ukuta wa silinda asubuhi kwa sauti butu, kisha ikanyamaza injini ikipata moto. Gari laweza kutembea na kasoro hiyo muda mrefu. Ekzosi inayovuja kwenye gasketi hutoa mtiki-tiki mkali ambao nao huisha chuma kikitanuka na kuziba ufa. Masizi meusi pembeni mwa gasketi huonyesha mahali penyewe. Injini ya Probox, 1NZ-FE, hutumia cheni, na mkwaruzo wa sekunde moja au mbili mara tu inapowaka kwa kawaida ni cheni iliyorefuka au kikaza kinachosubiri oili ifike. Beringi hufuata njia ya kinyume. Oili inavyopata moto inakuwa nyepesi, na kugonga huzidi. Mlio unaokua kadiri safari inavyoendelea ndio wa kuogopwa.

Kabla ya kuishuku injini yenyewe, vilivyofungwa nje yake huondolewa kwenye orodha. Mkanda unaopiga kelele humwagiwa maji kidogo kwenye upande wa mifereji yake. Kelele ikikoma kwa muda kisha ikarudi, kosa liko kwenye mkanda au kwenye puli zisizonyooka. Ikizidi, mkanda umelegea. Mvumo wa alteneta au pampu ya maji huthibitishwa kwa kuutoa mkanda na kuwasha injini kwa sekunde chache tu. Kwa gari la gia za mkono, klachi ina jibu lake: mlio unaopotea pedali ikikanyagwa unatoka kwenye giaboksi, na unaozuka ikikanyagwa ni wa beringi ya klachi. Sahani inayoshika giaboksi ya otomatiki ikipasuka, au bolti zake zikilegea, hugonga kwa sauti inayofanana kabisa na ya konrodi. Fundi mwenye subira huzikagua bolti hizo kabla ya kutamka kwamba injini imenoki.

Baada ya hapo hufuata mwendo wa mlio. Katika injini ya mipigo minne, krenki huzunguka mara mbili kemshafti ikizunguka mara moja. Injini ikizunguka mara 900 kwa dakika, krenki hufanya mizunguko 15 kwa sekunde na kemshafti 7 na nusu. Simu ya kawaida inayorekodi sauti na kuonyesha mawimbi yake hutosha: vilele vinavyoachana kwa milisekunde 67 vinafuata krenki, na vya milisekunde 133 vinafuata kemshafti, yaani valvu na tapeti. Kipimo hiki kina mtego. Konrodi iliyolegea hupiga kwa nguvu zaidi silinda yake inapowaka, na silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo kilele chake kikubwa chaweza kuonekana kama cha valvu. Mwendo wa mlio hupunguza washukiwa bila kutoa hukumu.

Mahali mlio unapotokea hutafutwa kwa bisibisi ndefu. Ncha huwekwa kwenye chuma, mpini ukagusishwa na mfupa ulio mbele ya sikio, mbali na mikanda na feni. Sauti inayotoka kwenye chuma kwenda hewani hurudishwa sehemu kubwa mpakani, lakini ikipewa njia ya chuma hadi mfupani hufika karibu nzima. Ni wazo moja na la René Laennec, daktari wa Ufaransa aliyetengeneza kifaa cha kusikilizia kifua mwaka 1816. Bisibisi hugusishwa kwenye kifuniko cha valvu, kisha ubavuni mwa bloku, kisha pembeni mwa sampu. Katika foleni ya malori kazi huwa ngumu zaidi, kwani bodi ya trela la jirani hurudisha mlio kama ukuta, na dereva akausikia upande usio wake.

Kipimo chenye nguvu kuliko vyote ni kuinyima silinda moja moto. Kwenye Fuso la 6D16, lenye silinda 6 na pampu ya dizeli ya kimekanika, nati ya paipu ya nozo ya kwanza hulegezwa kwa spana injini ikiwa kwenye silensi, yaani bila kukanyagwa mafuta, dizeli ikamwagika kwenye kitambaa badala ya kuingia ndani. Injini huyumba kidogo. Nati hukazwa, ikafuata ya pili, ya tatu, ya nne, na ghafla ule mlio mzito wa kugonga hulainika au kutoweka. Konrodi ya silinda hiyo ndiyo yenye kasoro. Mlio usiobadilika kwa silinda yoyote huelekeza kwenye beringi kuu za krenki au kitu cha nje. Kwa Probox ya petroli huchomolewa soketi ya injekta. Kamwe kulegeza nati kusijaribiwe kwenye Hiace ya 1KD: mfumo wake wa dizeli hufikia shinikizo la zaidi ya ba 1,000, na mchirizi wa namna hiyo hupenya ngozi na kuharibu mkono. Hiace ya 5L, yenye bodi inayofanana, ina pampu ya zamani.

Mafuta mabaya nayo hugonga. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huchelewa kushika moto, kisha huwaka yote kwa pamoja kwa mlipuko mkali unaofanana na nyundo, na huikosesha pampu ulainisho. Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kuzuia uchanganyaji huo. Mlio ulioanza mara baada ya tangi kujazwa, kwenye silinda zote kwa pamoja, humaliziwa kwenye tangi.

Konrodi ikithibitika, injini huzimwa na haiwashwi tena hata kwa kulifikisha gari gereji, maana kila mzunguko huichimba krenki. Sampu hushushwa, kofia ya konrodi ikafunguliwa. Beringi nzima ina rangi ya kijivu iliyofifia. Iliyokwisha huonyesha shaba. Krenki hupimwa kwa maikromita, na ikiwa imechimbika huchongwa kwa hatua za robo milimita na kupewa beringi nene zaidi, na iliyokwisha kuchongwa hadi saizi ya mwisho hubadilishwa. Njia za oili ndani yake husafishwa kwa waya na hewa, kwa sababu chembe za beringi ya zamani hubaki humo na kuila mpya. Siku ya kuwashwa, injini huzungushwa kwa stata bila mafuta mpaka taa ya oili izimike, ndipo mafuta yaruhusiwe kuingia.